Nafasi ya Tabora katika Kozi ya Historia ya Lugha za Kubuni

Makala haya yanaeleza kwa nini kozi ya chuo kikuu kuhusu lugha za kubuni, inapofundishwa kwa Kiswahili, inafaa ianzie Tabora. Kwa kawaida kozi za namna hii huanza na Volapük ya Johann Martin Schleyer, iliyotokea mnamo 1879–1880, kisha Kiesperanto, ambacho L. L. Zamenhof alikitangaza mwaka 1887. Lugha hizo zina mtunzi na tarehe ya kuzaliwa, hivyo kuzieleza ni rahisi. Ugumu huanza pale Kiswahili Sanifu kinapowekwa kando yake na kuitwa nacho lugha ya kubuni.

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iliamua tahajia na kusimamia vitabu vya shule. Hata hivyo, Kamati ilichagua miongoni mwa lahaja zilizokuwa na wasemaji, haikutunga sarufi. Kuchagua si kubuni, na mtahini makini hatakubali istilahi moja ibebe mambo yote mawili.

Tabora inaonyesha upande wa tatu, usio na mtunzi wala kamati. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa tayari inapitwa na misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi wenyewe, ambao walikuwa wapagazi na pia wafanyabiashara. Lugha ilisafiri pamoja na mizigo, nayo ikabadilika njiani. Neno posho ni mfano ulio wazi. Katika msafara lilikuwa mgawo wa chakula, au wa kitambaa cha kubadilishana na chakula. Leo ni fedha anayolipwa mtumishi kwa kikao au safari. Neno ikulu nalo lilitaja makazi ya mtemi katika Unyamwezi na nchi jirani kabla ya kuwa makazi ya Rais. Maneno yote mawili yamo katika Kiswahili Sanifu, ingawa ikulu halikuzaliwa Unguja.

Kwa sababu hiyo, zoezi la kwanza la kozi lisiwe kutunga lugha mpya, zoezi ambalo wanafunzi hulipenda mno. Wapewe kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na orodha ya maneno ya msafara: pagazi, tembe, posho, mtemi. Kwa kila neno waeleze limeingizwa vipi, limefafanuliwa kwa maana ya nani, na maana ipi imeachwa. Kiesperanto kifuate katika juma la tatu, wakati mwanafunzi ameshajua kutofautisha neno lililotungwa, lililoteuliwa na lililotembea kwa miguu.