Uchungu Usiopiga Hodi

Kiswahili kina neno moja kwa kazi ya kuzaa na kwa maumivu yake. Mja mzito siku zake zikifika, husemwa ameshikwa na uchungu. Watu wa Mombasa husema utungu, lakini maana ni ile ile. Hivyo tangu utotoni masikio yetu yamezoezwa kwamba kuzaa na kuumia ni kitu kimoja, na kwamba asiyeumia bado hajaanza. Je, na yule ambaye mtoto wake huja bila ya kupiga hodi?

Msomaji asidhani hiki ni kitendawili. Wako akina mama, hasa waliokwisha kuzaa mara kadhaa, ambao hawasikii ila mgongo mzito na tumbo kukaza kidogo na kuachia. Wako ambao chupa ya uzazi hupasuka, maji yakamwagika, na uchungu usionekane kwa saa nyingi. Na wako wanaojifungua katika muda usiotimia saa 3 tangu dalili ya kwanza. Wote hao huulizwa swali moja na majirani: "Mbona hulii?"

HAJA AU MTOTO?

Tuchukue mfano wa kijiji cha Kiandutu, pembeni mwa mji wa Thika. Jina lake latokana na neno la Kikuyu ndutu, yaani funza. Ni kijiji cha nyumba za mabati zilizobanana, ambako wengi huamka alfajiri kutafuta kibarua viwandani na mashambani, na ambako choo kimoja huwatosha, au tuseme huwalazimu, watu wa nyumba nyingi.

Sasa mfikirie mama wa watoto wanne katika kijiji kama hicho. Jioni kiuno chamwuma, naye asema ni uchovu wa kazi. Usiku wa manane asikia haja kubwa, ajifunga leso na kushika njia ya chooni. Kumbe si haja. Ni kichwa cha mtoto kinachosukuma utumbo kutoka ndani. Hapo pana giza, hapana mkunga, na shimo la choo li wazi. Ndiyo sababu wakunga husisitiza kwamba mama wa miezi tisa akisikia ghafla haja nzito ya namna hiyo, asiende chooni peke yake. Amwite mtu, kisha aelekee zahanati.

MLANGO NA KILIO

Ukweli ni kwamba hakuna mtoto azaliwaye kwa njia ya kawaida bila misuli ya mji wa mimba kukaza. Ila si kila mkazo huuma. Kwa mama aliyezaa mara nyingi, mlango wa mji wa mimba waweza kufunguka polepole kwa siku kadhaa, sentimita moja leo na nyingine kesho, naye yuko sokoni akinunua sukuma wiki. Mlango huo ukifika sentimita 10, mtoto yu njiani, awe mama amelia au hakulia.

Hapa ndipo lugha yetu yatusaidia kwa neno la pili, tena lililo sahihi zaidi: kujifungua. Kazi hasa ni kufunguka, na uchungu ni sauti tu ya kazi hiyo. Sauti yaweza kuwa kubwa, ndogo, au isisikike kabisa. Mkunga aliyehitimu hapimi kilio. Hupima mlango, husikiliza moyo wa mtoto, na kuandika mwendo wake katika chati. Chati ya namna hiyo iliendelezwa papa hapa Afrika na madaktari Philpott na Castle, katika mji wa Salisbury ambao leo ni Harare, nao wakaichapisha mwaka 1972. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kabla ya sentimita 5 kazi yaweza kwenda polepole sana, na si lazima iharakishwe iwapo mama na mtoto wako salama.

MAJI YAKIMWAGIKA

Jambo la maji lataka maelezo yake. Katika kila wanawake 100 waliotimiza miezi, takriban 8 hupasukiwa chupa kabla ya uchungu kuanza. Wengi wao uchungu huja wenyewe katika saa 24. Basi mama hujiambia, "Nangoje kwanza." Lakini chupa ile ilikuwa ukuta. Ukuta ukibomoka, vijidudu hupata njia ya kumfikia mtoto, na kadiri saa zinavyopita ndivyo hatari inavyokua. Katika mambo mengi wahenga walisema kawia ufike. Katika hili, anayekawia huenda asifike. Maji yakimwagika, hasa yakiwa ya kijani au yenye harufu mbaya, ni kwenda hospitali mara moja.

Huko waweza kumwekea dripu ya kuleta uchungu. Dawa hiyo, oksitosini, ina historia ndefu: mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza alionyesha nguvu ya kitu kitokacho katika tezi iliyo chini ya ubongo, na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani akafaulu kuitengeneza maabarani, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Lakini dawa iokoayo ndiyo iuayo ikikosa kipimo. Mitishamba ya kuharakisha uchungu, au vidonge vinavyonunuliwa kwa siri, vyaweza kukaza mji wa mimba hadi ukapasuka. Nyanya anayemchemshia mkaza mwanawe mizizi humpenda, hapana shaka. Lakini mapenzi hayapimi dozi.

AIBU YA KURUDISHWA

Liko na jambo lingine linalowaumiza akina mama, nalo ni aibu. Aliyekwenda zahanati mapema akaambiwa arudi nyumbani kwa kuwa hana uchungu, safari ya pili hungoja mpaka ashindwe kusimama. Pengine huzalia juu ya pikipiki. Ni haki ya kila mama kupimwa kabla ya kurudishwa, na ni haki yake kusema, "Mimi silii upesi, nipimeni."

Kenya imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha watoto 61 katika kila 100 wakizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha 82. Juni 2013 ada ya kujifungua iliondolewa katika hospitali za umma, na tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mama ajiandikishe mapema, aweke namba ya mwenye pikipiki mwaminifu, na amweleze mumewe na jirani mmoja dalili zake: ute wenye damu, maji, mgongo usiotulia, haja ya ghafla.

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Walikuwa wakisema juu ya mapenzi, wala hawakuweka kipimo cha kilio. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa kiume alipokewa kwa vigelegele vitano, na wa kike kwa vitatu. Waliosikia kutoka mbali walijua mgeni gani amefika. Vigelegele havikutangaza mama alilia kiasi gani; vilitangaza kwamba amejifungua salama.