Mafuta, Maharage na Vimeng'enya: Chakula Chetu Kinafanya Nini Mwilini?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Habari za jioni msikilizaji, na habari zako pia wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo kwa sababu betri ya redio imekwisha. Karibuni kipindi cha afya.

Mama mmoja ametuletea swali, na najua si lake peke yake: "Mtoto wangu anakula maharage kila siku, mbona misuli haijengeki?" Tutafika huko. Kwanza fanya jaribio dogo. Chukua tonge la ugali, litafune polepole, usimeze, hesabu mpaka 30. Utaonja utamu kidogo, na hakuna aliyetia sukari. Katika mate kuna kimeng'enya kinachoitwa amilasi, na ndicho kinachokatakata wanga wa ugali kuwa sukari.

Vimeng'enya ni mafundi wa mwili. Kila fundi ana kazi yake moja, kama ufunguo na kufuli lake: anayekata wanga hagusi mafuta, anayekata mafuta hagusi protini. Akimaliza kukata kipande kimoja yeye haishi, anashika kingine. Vyenyewe vimeumbwa kwa protini, na vingi vinafanya kazi vizuri kwenye joto la mwili, kama nyuzi 37. Ukivichemsha vinaharibika, kama ute wa yai unavyoganda ukipikwa na haurudi tena kuwa maji.

Sasa maharage, au madesu kama tunavyoyaita sisi wengine. Protini yake ni kama mkufu mrefu wa shanga. Tumboni kuna asidi kali na kimeng'enya pepsini, kinachoanza kuukata. Kwenye utumbo mwembamba tripsini kutoka kongosho inaendeleza kazi, mpaka zibaki shanga mojamoja. Shanga hizo zinaitwa asidi amino. Zinaingia kwenye damu, na mwili unazitunga upya: msuli, ngozi, damu, kinga ya magonjwa, hata vimeng'enya vipya. Tisa kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana uhaba wa moja inayoitwa laisini, lakini maharage yanayo kwa wingi. Kwa hiyo ugali na maharage si chakula cha kudharau, vinakamilishana.

Lakini maharage mabichi yana ulinzi wake. Ndani yake kuna kitu kinachoikamata tripsini isifanye kazi, na yale mekundu yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Moto mkali unaviharibu vyote viwili. Najua kuni ni shida, na wengi tunaepua yakiwa bado magumu. Basi yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, ndipo upunguze moto mpaka yalainike kabisa. Kuyaacha juu ya makaa hafifu tangu mwanzo hakuondoi sumu. Yaliyolowekwa yanaiva upesi pia, na hapo kuni umeokoa.

Mafuta yana njia yake. Umeosha sufuria yenye mafuta kwa maji matupu ukaona yanavyoteleza tu? Ndivyo ilivyo tumboni: mafuta na maji havichanganyiki. Ini linatengeneza nyongo, na nyongo inafanya kazi ya sabuni, inayavunja mafuta kuwa matone madogo sana. Ndipo lipasi, kimeng'enya kingine cha kongosho, inapopata pa kukata. Gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9. Gramu ya protini au ya wanga inatoa 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kinakaribia kilokalori 120. Tena vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta, kwa hiyo sombe na lengalenga visipikwe bila tone.

Na hapa ndipo lilipo jibu la mama yetu. Mwili unahitaji nishati kwanza, ujenzi baadaye. Nishati isipotosha, mwili unazichukua zile asidi amino za maharage na kuzichoma kama kuni. Ini linaondoa sehemu yenye naitrojeni, linaigeuza yurea, figo zinaitoa kwenye mkojo. Mbao za kujengea nyumba zimepikiwa uji. Hali ikizidi, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Wengi tunauza mafuta ya mgao tupate sabuni au daftari la mtoto, na simlaumu mtu, sabuni haitoki hewani. Ila ukiuza, usiuze yote. Bakiza ya mtoto, kijiko kwenye uji wake.

Jambo la mwisho, maana lina malalamiko mengi. Mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu yote miwili, akilazwa anapewa kwanza maziwa mepesi, F-75, kidogokidogo mchana na usiku. Watu wanasema wahudumu wanabana chakula. Sivyo. Mtoto aliyeshinda njaa muda mrefu, kongosho lake linatoa vimeng'enya vichache na ukuta wa utumbo umekonda. Akilishwa kingi ghafla, chumvichumvi za damu zinavurugika na moyo unaweza kusimama. Akipata nguvu na hamu ya kula ndipo anapewa ile paketi ya siagi ya karanga, gramu 92, kilokalori 500. Hiyo ni dawa yake, haigawanywi na kaka zake. Ukibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba kwa sekunde tatu na shimo likabaki, mguu huu na ule, usingoje asubuhi. Mpeleke zahanati leo hii.

Maswali yaandikeni, myatie kwenye sanduku lililo mlangoni. Wiki ijayo tutazungumzia chumvi yenye madini joto.

(Muziki unapanda)