Diski ya halali inapokataa kucheza

Wapenzi wasikilizaji, katika mazungumzo yetu ya wiki hii tulitazame jambo linaloonekana dogo, lakini limewatia watu hasara majumbani mwao. Nalo ni hili la diski ya filamu, yaani DVD, iliyonunuliwa kihalali katika nchi moja, kisha ikakataa kabisa kucheza kwenye kompyuta ya nchi nyingine.

Hapa kwetu Afrika Mashariki ni wengi wenye ndugu Muscat, Dubai, London au Toronto. Ndugu huyo akija likizo huleta zawadi, na diski za filamu zimo. Diski inatiwa kwenye kompyuta, inazunguka kidogo, halafu maandishi yanatokea kwenye kioo kwamba namba ya kanda hailingani. Hapo ndipo lawama zinapoanza. Mleta zawadi anaambiwa kauziwa diski mbovu, na fundi naye anaambiwa kaharibu kompyuta. Kumbe hakuna kilichoharibika. Mlango umefungwa kwa makusudi.

Nani kaufunga? DVD zilianza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996, zikaingia Marekani mwaka 1997. Makampuni ya filamu yalikubali kutoa kazi zao katika diski hizo kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kuigawa dunia katika kanda. Nasema kanda kwa maana ya sehemu ya dunia, si kanda za kaseti. Kanda ya 1 ni Marekani na Kanada. Kanda ya 2 ni Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini. Kanda ya 3 ni Asia ya kusini-mashariki, Korea Kusini na Taiwan. Kanda ya 4 ni Australia, New Zealand na Amerika ya Kusini. Kanda ya 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Kanda ya 6 ni Uchina. Ipo hata namba 8, kwa ajili ya ndege na meli za abiria.

Kwa mgawanyo huo, ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiwa Muscat na mwenzake Unguja, hawamo katika kanda moja. Wa Muscat yuko kanda ya 2 pamoja na Mfaransa na Mjapani. Wa Unguja yuko kanda ya 5 pamoja na Mrusi na Mhindi.

Sababu ilikuwa biashara. Zamani filamu ilianza kuonyeshwa Marekani, ikafika nchi nyingine baada ya miezi kadhaa. Kama diski ingeuzwa Marekani na kusafirishwa kabla filamu haijafika kwingineko, nani angekwenda sinema? Tena, haki za kuuza filamu huuzwa nchi kwa nchi, na bei nazo hutofautiana. Kufuli likawekwa ili bidhaa ya soko moja isivuke kwenda soko jingine.

Kufuli hilo halimjui mkubwa wala mdogo. Mwezi Machi 2009, Rais Barack Obama wa Marekani alimzawadia Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, diski 25 za filamu mashuhuri za Kimarekani. Magazeti ya Uingereza yakaripoti kwamba zilikuwa za kanda ya 1, na deki za Waingereza ni za kanda ya 2.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana hapo ndipo penye hatari yenyewe. Ndani ya kompyuta kuna kile kisanduku kinachozungusha na kusoma diski, ambacho mafundi hukiita draivu. Draivu za mwanzo hazikuwa na ubishi. Kazi ya kukagua namba iliachiwa programu ya kuchezea filamu. Lakini tangu mwaka 2000 ilitakiwa kila draivu mpya iwe na kufuli ndani yake yenyewe. Mwenye kompyuta anaruhusiwa kubadili kanda mara 5 tu. Akishaibadili mara ya 5, draivu inabaki katika kanda hiyo moja kwa moja.

Hesabu hiyo inakaa katika kumbukumbu ya draivu. Kufuta kila kitu na kuweka Windows upya hakuirudishi nyuma hata hatua moja. Hebu fikiri kijana anayetia diski ya Toronto, kompyuta inamwuliza kama abadili kanda, anakubali. Kesho anatia ya Dubai, anakubali tena. Keshokutwa anairudia ile ya Toronto. Kabla wiki haijaisha nafasi zote 5 zimekwenda, naye hajui kwamba kulikuwa na hesabu.

Afanyeje basi mwenye diski za kanda mbalimbali? Kwanza, atazame nyuma ya kasha. Namba ya kanda huandikwa ndani ya alama ndogo ya tufe la dunia. Akiona sifuri au neno ALL, diski hiyo haibagui, na filamu nyingi za Kihindi ni za namna hiyo. Diski za arusi na za sherehe zilizorekodiwa na wapiga picha wetu kwa kawaida hazina namba wala kufuli. Zikigoma, tafuta mikwaruzo na vumbi.

Pili, kabla ya kukubali kubadili, aangalie nafasi zilizobaki. Katika Windows, afungue orodha ya vifaa vya kompyuta, aichague draivu, kisha afungue sehemu yake ya sifa. Humo mna ukurasa wa kanda ya DVD, nao unaonyesha kanda ya sasa na mara zilizosalia.

Tatu, kama anazo diski nyingi za kanda mbili, ni afadhali anunue draivu ya pili, ile ya nje inayochomekwa kwa waya wa USB. Moja iwe ya kanda ya 1, nyingine ya kanda ya 2, na zisiguswe tena. Kompyuta mpya nyingi hazina draivu kabisa, hivyo ya nje itahitajika vyovyote.

Nne, ipo programu ya bure iitwayo VLC, iliyotokana na kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi huko Paris, ikatolewa kwa umma mwaka 2001. Yenyewe haiulizi namba ya kanda. Hata hivyo zipo draivu zinazokataa kusoma diski ya kanda ngeni hata kwa VLC. Zipo pia nchi, Marekani ikiwa mojawapo, ambazo sheria zake zinakataza kuvunja kufuli za namna hii.

Na wenye diski za Blu-ray wajue kwamba hizo zina kanda tatu tu, A, B na C. Sisi tumo katika B pamoja na Ulaya. Zile za 4K hazina kanda.

Wasikilizaji, makampuni yana haki ya kulinda mali yao. Lakini tujiulize, kufuli hili lilimzuia nani? Mwenye kurudufu filamu kwa wizi huliondoa kwanza, na diski yake hucheza Mombasa kama inavyocheza Montreal. Anayekwama ni yule aliyeingia dukani, akalipa bei kamili na kupewa risiti. Sheria inayomsumbua mwaminifu na kumwacha mwizi apite inawafundisha watu somo baya. Na leo filamu zinapotazamwa kwa intaneti, kuta hizo bado zipo: filamu iliyoko wazi kwa mtu wa London yaweza kufungwa kwa mtu wa Dodoma.

Kwa hiyo diski ikigoma, usimlaumu ndugu yako wala fundi wako. Soma kasha, hesabu nafasi zako, ndipo ubonyeze. Kwa leo tukomee hapo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.