Njia Salama Mjini: Ruzuku Huufuata Mji Uliojiandaa

Mtu akisimama kando ya barabara ya Othaya wakati wa asubuhi, ataona mambo yaliyo ya kawaida katika miji yote iliyo kati ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Watoto wanakwenda shule. Akina mama wanapeleka ndizi na mboga sokoni. Mgonjwa anashikwa mkono kwenda Hospitali ya Mwai Kibaki. Malori yaliyojaa majani ya chai yanapita, matatu zinapakia abiria, na bodaboda zinapenya katikati yao wote. Katika miji ya namna hii wengi huenda kwa miguu. Lakini ukitazama jinsi njia ilivyogawanywa, mara nyingi utaona kwamba mwenye kwenda kwa miguu amepewa mabaki tu: ukingo wa lami, mtaro ulio wazi, na matope wakati wa mvua ya masika.

Jambo hili si dogo. Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 waliuawa barabarani katika mwaka wa 2023, na katika mwaka wa 2024 idadi ilipita tena 4,000. Katika hesabu hizo waendao kwa miguu ndio wanaouawa kwa wingi kuliko kundi jingine lolote. Duniani pote, Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu vifo vya barabarani vipatavyo 1,190,000 katika mwaka wa 2021. Mwezi wa Aprili, 2024, Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa miaka mitano, wa 2024 mpaka 2028, wenye shabaha ya kupunguza vifo hivyo kwa nusu.

Shabaha njema haitoshi. Njia za miguu, taa na vivuko huhitaji fedha, na miji midogo haina fedha nyingi. Ndiyo sababu miji hutafuta ruzuku. Makala hii yaeleza jinsi ruzuku hizo zinavyopatikana, na kwa nini mji ulio tayari hupata mapema kuliko mji unaolia tu.

Barabara hii ni ya nani?

Kabla ya kuandika neno moja katika barua ya maombi, hapana budi mji ujue kila barabara ina mwenyewe nani. Kwa Katiba ya mwaka 2010, barabara kuu za taifa ziko chini ya Serikali kuu, na barabara za kaunti, taa za barabarani, na mahali pa kuegesha magari ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: moja ya barabara kuu, moja ya barabara za mijini, na moja ya barabara za mashambani.

Kwa hiyo barabara moja ipitayo mjini yaweza kuwa na wakubwa wawili: lami ni ya mamlaka ya taifa, na taa zilizo kando yake ni za kaunti. Mji ukiomba fedha za kujenga kivuko juu ya barabara isiyo yake, bila idhini ya mwenyewe, ombi hilo litakwama njiani.

Zamani Othaya ilikuwa na Halmashauri yake ya Mji. Halmashauri za namna hiyo zilikoma mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Tangu hapo, miji huongozwa kwa Sheria ya Miji ya mwaka 2011. Mji uliopewa hati ya kuwa manispaa huwa na bodi na meneja wake. Sheria hiyo pia yautaka mji uwe na mpango wa maendeleo, na yawapa wakazi haki ya kukutana na kusema maoni yao juu ya mpango huo.

Ruzuku ni nini?

Ruzuku ni fedha anazopewa mtu au mji bila kutakiwa kuzirudisha, mradi azitumie kwa kazi iliyotajwa. Lakini msomaji asidhani kwamba ni fedha za bure. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya dola milioni 300 kwa ajili ya Mpango wa Kusaidia Miji. Serikali kuu ilizigawa fedha hizo kwa kaunti 45, kwa manufaa ya miji 59, na mji wa Nyeri ulikuwa mmojawapo. Kwa mji ilikuwa ruzuku. Kwa taifa ilikuwa deni, na deni hulipwa na wananchi wote. Basi fedha za ruzuku zastahili kulindwa kama fedha zilizotoka katika mfuko wa mtu mwenyewe.

Ruzuku za mpango huo zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kujiandaa: kupata hati ya manispaa, kuweka bodi, kufundisha maofisa, na kutengeneza mipango. Ya pili ilikuwa ya ujenzi: barabara na njia za miguu, mitaro ya maji ya mvua, taa, masoko, vituo vya magari, na kazi za kuondoa takataka na kuzima moto. Mji usiotimiza masharti ya kujiandaa haukuweza kupata fedha za ujenzi.

Desturi hii si ya Kenya peke yake. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2021, ilitenga dola bilioni 5 kwa muda wa miaka mitano ili miji na wilaya zake zifanye barabara ziwe salama. Huko pia kuna ruzuku za kupanga na ruzuku za kujenga, na asiye na mpango uliokubaliwa hawezi kuomba fedha za kujenga. Kisha mji wenyewe hutakiwa kutoa sehemu yake, moja katika tano ya gharama yote.

Nyeri walijengewa kituo kikubwa cha magari katika Asian Quarters kwa fedha za Mpango wa Kusaidia Miji. Magari yalipotakiwa kuhamia huko, baadhi ya wenye matatu na wafanyabiashara walipinga. Kila kituo kipya hubadili mwendo wa maelfu ya miguu, kwa hiyo ni lazima kupanga mapema jinsi watu watakavyokifikia, na kusikiliza maneno yao kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mpango mzuri huanzaje?

Mpango mzuri hauanzi katika karatasi za mtaalamu. Huanza kwa kuhesabu. Watu wangapi huvuka mbele ya soko kati ya saa moja na saa mbili asubuhi? Wangapi ni watoto? Ajali zimetokea mahali gani, na saa ngapi? Polisi wana kumbukumbu zao, na hospitali zina zao. Mara nyingi hazilingani, maana wengine huumia wakapelekwa hospitali bila polisi kuarifiwa. Ni lazima kuzilinganisha zote mbili.

Baada ya kuhesabu, kutembea. Wapangaji watembee njia moja pamoja na mama aliyebeba mtoto, kipofu mwenye fimbo yake, na mtu wa kiti cha magurudumu. Ukingo wenye kimo cha sentimita 15, ambao kijana huuruka bila kufikiri, kwa mtu wa kiti cha magurudumu ni ukuta. Wahandisi hufuata kanuni ya moja kwa kumi na mbili: kimo cha sentimita 15 chahitaji mteremko wa sentimita 180. Na kifungu cha 54 cha Katiba chasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote pa watu wote na kutumia vyombo vya usafiri. Kwa hiyo kumwekea njia ni kumpa haki yake, wala si kumfanyia hisani.

Jambo la tatu ni mwendo wa magari. Sheria yaruhusu kilomita 50 kwa saa katika miji. Kwa mwendo huo gari hupita karibu mita 14 katika sekunde moja, kabla dereva hajakanyaga breki. Kwa kilomita 30 hupita mita 8 tu. Tofauti hiyo ya mita 6 yatosha kumwokoa mtoto. Kibao peke yake hakipunguzi mwendo. Tuta, kivuko kilichoinuliwa na njia iliyofanywa nyembamba ndivyo vimlazimishavyo dereva kupunguza.

Dar es Salaam imeonyesha kwamba kazi hiyo haihitaji mali nyingi. Shirika liitwalo Amend lilichagua shule za msingi ambazo wanafunzi wake waliumizwa mara nyingi barabarani, likatengeneza njia za miguu, matuta, vivuko vya milia na vigingi vya kuzuia magari, na mahali pengine lango la shule likahamishiwa upande ulio salama. Uchunguzi ulionyesha kwamba ajali za watoto zilipungua kwa kadiri ya robo moja. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kwanza ya taasisi ya WRI ya Marekani kwa ajili ya miji.

Kwa mji ulio kwenye mteremko na wenye mvua nyingi kama Othaya, jambo moja lahitaji uangalifu zaidi: maji. Njia ya miguu iliyojengwa bila mtaro huchimbwa na mvua upesi. Lakini mtaro uliofunikwa kwa mabamba ya saruji hufanya kazi mbili, kupitisha maji chini na watu juu. Na katika hesabu ya gharama ni lazima pawe na fungu la kuzibua mitaro na kubadili taa zilizoungua.

Wajibu wa wananchi

Mkutano wa kutoa maoni unapotangazwa, wengi husema kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa. Hilo ni kosa. Mwenye duka aende, mwenye bodaboda aende, mwalimu aende, na zaidi ya wote aende yule asiyeweza kuvuka barabara bila kushikwa mkono. Yeye anajua jambo ambalo mhandisi hawezi kulipima. Aseme kwa maneno machache: ni mahali gani, ni hatari gani, ni saa gani. Maneno ya namna hiyo ndiyo yapatayo nafasi katika mpango, na mpango ndio uletao ruzuku.

Wazee walisema, Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Barabara iliyo salama kwa mtoto na kwa kipofu ni salama kwa kila mtu, na mwenye motakaa pia, akishuka garini, ni mwenye miguu kama wengine.