Kipokezi Kilichosahaulika

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa aldosteroni, homoni ambayo Sylvia Simpson na James Tait waliitambua mjini London mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huziamuru figo zibakize chumvi na maji, zitoe potasiamu. Aliyepoteza damu nyingi huokolewa na amri hiyo. Lakini moyo unaposhindwa kusukuma damu vizuri, mwili hudhani damu imepungua. Homoni humwagika, maji huzidi, miguu huvimba, mgonjwa hukosa pumzi.

Homoni hii haifanyi lolote mpaka ishikane na kipokezi chake, protini inayoisubiri ndani ya seli. Vikishashikana huingia kwenye kiini na kuamsha jeni. Dawa iitwayo spironolaktoni huziba nafasi ya homoni kwenye kipokezi hicho kama abiria aliyewahi siti ya daladala: aldosteroni hufika ikakosa pa kukaa.

Kwa miaka mingi dawa hii ilihesabiwa kuwa ya kukojosha tu. Zilipokuja dawa za kaptoprili na enalaprili, ambazo hupunguza utengenezaji wa aldosteroni, wengi waliona spironolaktoni haina kazi tena kwenye moyo. Walikosea mara mbili. Kwanza, hata kwa dawa hizo, baada ya muda homoni hupanda tena. Pili, na hili ndilo zito, kipokezi hicho kimo pia ndani ya moyo na mishipa, ambako huchochea makovu yanayokakamaza msuli.

Jaribio la RALES, lililochapishwa mwaka 1999, lilihusisha wagonjwa 1,663 wenye moyo ulioshindwa vibaya, wengi wao tayari wakitumia dawa za aina ya kaptoprili. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 46 walikufa. Kati ya waliopewa spironolaktoni, kwa kawaida miligramu 25 tu kwa siku, asilimia 35 walikufa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu faida ilikuwa wazi.

Spironolaktoni ina madhara yake. Huvishika pia vipokezi vya homoni za uzazi, ndiyo maana baadhi ya wanaume huvimba matiti. Eplerenoni, dawa ya aina hiyo iliyokuja baadaye, hulenga zaidi kipokezi cha aldosteroni. Hatari kubwa ni potasiamu kubaki mwilini hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Huko Ontario, Kanada, waliolazwa kwa tatizo hilo waliongezeka sana baada ya 1999, dawa ilipoandikwa kwa wingi.

Kama umeandikiwa dawa hii, hakikisha unapimwa potasiamu na figo kabla ya kuanza na katika wiki za mwanzo, na usitumie chumvi mbadala yenye potasiamu bila kumuuliza daktari.