Mbolea ya Nyasi Isitangulie Mvua

Masika yakikaribia, wenye nyumba wengi Dar es Salaam na Nairobi hununua mbolea na kuimwaga uani kabla tone la kwanza halijaanguka, wakiamini mvua ikija itaikuta tayari ardhini. Hoja hiyo imetoka shambani, na huko ni sahihi: mbolea ya kupandia kama DAP hufukiwa karibu na mbegu kwa sababu fosforasi yake haitembei sana udongoni, mzizi ndio unaoifuata. Lakini nyasi za nyumbani hazipandwi kila msimu. Zinachohitaji zaidi ni naitrojeni, yaani mbolea ya kukuzia, na mkulima wa mahindi anajua kwamba hiyo husubiri mmea ushike na udongo ulowe.

Sababu ni tabia ya naitrojeni yenyewe. Punje ya urea, mbolea ya naitrojeni, iliyolala juu ya udongo wenye unyevu kidogo, bila maji ya kuizamisha, hugeuka gesi ya amonia na kupotelea hewani, na joto huharakisha hasara hiyo. Ikinata kwenye jani lenye umande, huliunguza na kuacha baka la kahawia. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, haipotei hewani kirahisi hivyo, ila sehemu yake ya naitrati huteremka na maji. Mvua kubwa ikikuta nyasi bado zimedumaa kwa kiangazi, fedha ya mwenye nyumba huishia mtaroni. Wakati mwafaka, basi, ni wiki mbili au tatu baada ya mvua kukolea, ukoka unapochipua na kuanza kudai kukatwa. Kilo 2 za CAN kwa mita 100 za mraba zinatosha, zikitawanywa majani yakiwa makavu, kisha zimwagiwe maji.

Yupo atakayesema ana bomba, hategemei mvua. Kwa Dar es Salaam ana hoja. Nairobi maji peke yake hayatoshi, kwa kuwa baridi ya Juni hadi Agosti hupunguza ukuaji hata udongo ukiwa umelowa. Mwingine atauliza kama nyasi za manjano nazo zisubiri. Kama umanjano ni wa kiu, mbolea ya chumvichumvi itauzidisha, hivyo zianze kupewa maji. Wakati huohuo, majani yanayokatwa yaachwe palepale yaoze, maana yanarudisha naitrojeni bure. Mfuko ukae stoo mpaka nyasi zenyewe zianze kukua.