Nguo Iliyokuwa Hekalu

Katika mji wa Ahmedabad, jimbo la Gujarat nchini India, wako mafundi wa jamii ya Wavaghari, waitwao pia Devipujak. Zamani watu hawa walihesabiwa kuwa wa daraja ya chini, wakakatazwa kuingia katika mahekalu ya Wahindu. Basi walifanyaje? Walijifanyizia hekalu la nguo.

Nguo hiyo huitwa Mata ni Pachedi, maana yake nguo iliyo nyuma ya Mama. Katikati huwekwa sura ya mungu wa kike, na pande zote safu za waja wake, wanyama na maua. Vipande kadhaa vikitundikwa pamoja, huwa kuta na dari ya mahali pa kuabudia.

Kazi yenyewe yataka subira. Rangi nyeusi hupatikana kwa kuchachusha vyuma vyenye kutu pamoja na sukari guru, kisha huchapwa kwa mihuri ya mti au huchorwa kwa kijiti cha mwanzi. Panapotakiwa wekundu hupakwa shabu, ndipo nguo ichemshwe katika rangi. Huoshwa katika maji yaendayo, kama ya mto Sabarmati, ili rangi isitapakae.

Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku ubaguzi ule. Siku hizi mafundi hutengeneza hata sari na shali kwa ufundi huo huo. Lakini jamaa wanaoushika ni wachache; vijana wasipojifunza kwa wazee wao, urithi uliozaliwa katika dhiki utapotea wakati wa neema.